Kiganja cha Darini

Ngazi ilikuwa mpya. Bahgat aliigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akaisogezea pua. Vanishi ilikuwa bado inanuka.

"Hii umeinunua lini, Haji?"

Haji Shehata, mwenye duka la kashata na arusi wa Maulidi, wale wanasesere wa sukari wanaovalishwa kama bibi arusi, alifuta mikono kwenye aproni. "Ngazi ni ngazi, bwana mkaguzi. Ile ya zamani ilizeeka kama mimi, nikampa mtu wa mkokoteni anayekusanya vikorokoro."

"Katikati ya Maulidi? Mji mzima wa Tanta hauna nafasi ya kujikuna, wewe umepata nafasi ya kubadilisha ngazi."

"Ndiyo maana mimi nina duka na wewe una mkoba."

Wateja wawili watatu walicheka. Bahgat hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa ofisi ya kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alikuwa amekwisha kutukanwa na watu wenye maduka makubwa kuliko hili. Haji akamsogezea kashata ya ufuta juu ya karatasi. Bahgat aliiacha ilipo akainua macho.

Rafu zilijaa arusi wa sukari kuanzia chini mpaka juu, kila mmoja na mashavu mekundu na mapepeo ya karatasi yamechanua mgongoni kama mkia wa tausi. Juu ya rafu kulikuwa na dari ya mbao, ile stoo ya juu ambayo kila duka la mtaa huo linayo, ya kuwekea maboksi. Mlango wake mdogo ulifungwa kwa kufuli.

Kwenye meza ya mbele mwanamke aliyekaribia miaka arobaini alikuwa anafunga vifurushi. Huyo ndiye Ikram, mfanyakazi wa kudumu peke yake dukani. Mikono yake ilikwenda mbio ingawa kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimejikunja kwenye kiganja na hakikunyooka hata aliposhika kamba.

Mama mmoja aliyeshika mtoto mkono aliinama mezani. "Yuko wapi yule binti anayefunga mapepeo? Huyu wangu hataki arusi aliyefungwa na mtu mwingine."

"Ameacha kazi," alisema Ikram bila kuinua kichwa.

Haukupita muda, mwingine akauliza hilo hilo.

"Ameolewa."

Bahgat aliegemea meza. "Ameacha kazi na kuolewa asubuhi moja. Na mimi nimetoka kumwona hospitalini, mkono uko kwenye plasta."

Ikram alikaza fundo la kamba mpaka karatasi ikachanika.

Binti mwenyewe aliitwa Safa. Alikuwa wa msimu, kama wasichana wengine wanaochukuliwa Maulidi yakikaribia na kuachwa Maulidi yakiisha. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alitumwa darini kushusha maboksi ya arusi, ngazi ikateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika vipande. Maelezo ya Haji yalikuwa mafupi zaidi. Siku ile Safa hakuja kazini kabisa, alianguka kwenye ngazi za jengo lao. Ikram, ambaye anakaa kichochoro kimoja na akina Safa, ndiye aliyempeleka hospitali, na kwenye mapokezi alisema hivyo hivyo: nyumbani. Hospitali iliandika ilichoambiwa.

Neno hilo moja ndilo lililokuwa linamzuia Safa asipasuliwe. Sheria haiulizi kama mtu ni wa msimu au wa kudumu. Inauliza kama ameumia akiwa kazini. Akiwa kazini, matibabu na siku za kulala si juu yake. Akiwa nyumbani, ni juu ya mama yake, na mama yake anauza mafungu ya figili nje ya stesheni ya treni. Daktari alimwambia Bahgat kwamba mfupa umeanza kushikana vibaya na hausubiri faili. Ukichelewa, vidole vile vilivyokunja mapepeo havitafunga hata kifungo cha nguo.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya Maulidi. Kesho hema la mbele ya duka lingeng'olewa, wasichana wa msimu wangetawanyika vijijini kwao, na mkuu wa ofisi alikuwa amekwisha kusema faili lifungwe.

Jambo moja lilikuwa limemkaa Bahgat rohoni tangu asubuhi. Mtu akiumia njiani kwenda kazini, sheria inamhesabu ameumia kazini. Watu wengi hawajui hilo, na wanaposema uwongo hukimbilia barabarani: aligongwa na pikipiki, aliteleza sokoni. Haji hakukimbilia barabarani. Alikwenda moja kwa moja mpaka ndani ya jengo, mahali ambapo sheria haifiki. Mtu asiyejua kitu hapati shabaha nzuri namna hiyo.

Alimwita Ikram pembeni, nyuma ya magunia ya sukari. Alimuuliza alimkuta wapi Safa, amelalaje, kichwa kilielekea wapi, nani mwingine alitoka. Ikram alijibu yote vizuri mno. Alikumbuka hata rangi ya ndoo iliyokuwa kwenye ngazi.

"Mhudumu wa hospitali anasema kichwa chake kilikuwa na vipande vya karatasi ya waridi," alisema Bahgat. "Hii ya mapepeo."

"Nenda kwangu ukakague mto wangu. Karatasi hiyo tunalala nayo mpaka mwezi wa pili."

Hilo lilikuwa kweli. Bahgat aliliacha.

"Mlikuwa mnapatana?"

"Msimu huu ndio wake wa kwanza. Mimi meza hii ya mbele nimeisimamia tangu mke wa Haji yuko hai. Haji akaona binti anajua kuchekacheka na wateja, akamweka mbele, mimi nikarudishwa kwenye kamba. Nipatane naye kwa lipi?" Alivuta pumzi. "Halafu anaanguka kwao na serikali inakuja na mkoba. Mtu wa msimu! Mimi kidole hiki kilichomwa na sukari ya moto hapa hapa, nikiwa wa msimu kama yeye. Uliniona ukija na mkoba?"

"Hapana."

"Basi niache nifunge kamba."

Wasichana wa hemani hawakumsaidia Bahgat. Kila mmoja alikuwa ameangalia kwingine. Jioni Haji angewalipa, na kila mmoja alijua hivyo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Gaber, naye anauza kashata na arusi kama Haji, ila wateja wake walikuwa wachache na arusi wake walikuwa wa plastiki. Gaber alimvuta Bahgat kwa mkono wa koti kabla hajasalimiwa.

Alisema yeye ndiye shahidi. Alimwona Safa akianguka, kwa macho yake haya, saa ile ile. Alisikia mpaka mfupa ukilia. Yuko tayari kuapa mbele ya hakimu, msikitini, popote. Shehata ni mwizi, ameiba mpaka fundi wake wa sukari, na sasa Mungu amemfichua.

Bahgat alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia asimame pale anaposimama kila siku, nyuma ya meza yake.

"Haya. Niambie unaona nini."

"Naona duka la yule mwizi."

"Ndani. Unaona nini ndani?"

Gaber alinyoosha shingo. Hema la Haji lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa mlango, na chini yake arusi walipangwa juu kwa juu kama ukuta. "Naona... arusi."

"Ngazi iko wapi?"

"Nyuma ya arusi."

"Basi uliona arusi wakianguka?"

"Bwana mkaguzi, unataka kumsaidia binti au hutaki?"

"Nataka. Ndiyo maana sikuandiki. Wakili wa Haji atakusimamisha hapa ulipo, aulize nilichouliza mimi, na binti atakwenda na maji pamoja na wewe."

Gaber alinuna. Alirudi kwenye kiti chake akaanza kulalamika, sasa bila kumlenga mtu. Watu wengine wamepewa kila kitu. Wateja wao, sukari nzuri yao. Hata chakula. Siku ile ile ya ajali, yeye anakula maharage yaliyopoa kwenye mkate, anamwona Ikram anapita na njiwa. Njiwa! Siku ambayo mtu hapati nafasi ya kumeza mate, duka la Shehata linakula njiwa wa kujazwa.

Bahgat alikuwa amekwisha kuvuka mlango. Alirudi.

"Njiwa aliyepikwa?"

"Mzima. Mweupe. Kamshika miguu, anapigapiga mabawa. Mimi macho yangu kwenye chakula hayadanganyi."

Hapo Bahgat alimwamini. Mtu mwenye kijicho anaweza kusema uwongo juu ya mfupa, lakini juu ya njiwa wa jirani atasema kweli tupu.

Muuza kuku alikuwa mtaa wa pili, mama mnene aitwaye Umm Dalal, amekaa kati ya matundu anamwagia bata maji. Ndiyo, Ikram alikuja. Alikuja anahema, macho mekundu, akasema anataka njiwa mmoja mweupe. Umm Dalal akamchukua akashika kisu, kama anavyomfanyia kila mteja, amchinje, amnyonyoe, amfunge. Ikram akamnyang'anya.

"Nikamwambia, dada, utamnyonyoa dukani, manyoya yaingie kwenye sukari? Akaniambia nyama nitakupa wewe. Na kweli, baadaye akaniletea amekwisha kuchinjwa. Nimemla mimi, Mungu anisamehe. Sikuuliza."

"Na damu?"

Umm Dalal alimtazama, akaacha kumwagia bata maji. "Damu hakuniletea," alisema taratibu.

Bahgat alirudi kwa miguu mizito. Hakuwa mtu wa mambo hayo, lakini alikuwa amezaliwa mji huo huo. Alikuwa ameona viganja vya damu kwenye malango ya machinjio, kwenye malori mapya, kwenye mashine ya mkate iliyokula mkono wa mtu kule barabara ya kituo. Balaa likitokea huchinjwa kitu, mkono ukachovywa, ukagandamizwa pale balaa lilipotokea, ili jicho la hasidi lisirudi tena. Pale pale. Hakuna anayekwenda kubandika kiganja mahali ambapo hapakutokea kitu.

Kama Safa alianguka kwenye ngazi za jengo lao, kiganja kingekuwa kule. Asubuhi, kabla ya hospitali, Bahgat alikuwa amepanda ngazi zile mpaka juu na kushuka. Kuta zake zilikuwa chafu, zimechorwa mioyo na majina ya timu za mpira. Kiganja hakikuwapo.

"Nifungulie dari," alimwambia Haji.

"Ufunguo umepotea."

"Tafuta nyundo."

"Bwana mkaguzi, wateja hawa wote..."

"Nina kibali cha kuingia kila mahali mfanyakazi anapoingia. Ukitaka nitakisoma kwa sauti, wateja wasikie."

Ufunguo ulipatikana mfukoni mwa aproni. Bahgat alipanda. Darini kulikuwa na joto, na hewa ilikuwa ya sukari na karatasi. Maboksi yalipangwa vizuri pande zote, isipokuwa mahali pamoja karibu na mlango, ambapo maboksi matatu yalisukumwa ovyo kwenye boriti kama ya kuziba tundu. Aliyatoa moja moja.

Kilikuwa kwenye boriti, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama juu ya ngazi. Kiganja cha damu iliyokauka, rangi ya kahawa. Kidogo, cha mwanamke. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Mahali pa kidole cha mwisho mbao ilikuwa safi.

"Haji, panda."

Haji alipanda akihema, akachungulia. Bahgat alikuwa anauangalia uso wake, si kiganja. Rangi ilimtoka. Alishika fremu ya mlango.

"Sikujua," alisema. "Wallahi, hiki sikukijua."

"Naamini. Vingine ulivijua."

"Nimebadilisha ngazi. Nimefunga midomo ya wasichana. Nimemuuliza mwanasheria aliyeoa kwetu tuseme wapi. Kila kitu nimekiziba." Haji alipiga paji lake la uso kwa kiganja. "Halafu huyu mwanamke ananiwekea muhuri juu ya kichwa changu."

"Unaweza kusema kilikuwa cha baraka za duka."

"Ningeweza."

"Baraka huwekwa mlangoni, watu waione. Hii imefichwa nyuma ya maboksi, kwenye kichwa cha ngazi. Shuka, uniitie Ikram."

Ikram alipanda akiwa bado ameshika kamba. Alipoona maboksi yamesogezwa alikaa juu ya mojawapo, hakusubiri kuambiwa. Bahgat aliinama chini ya boriti ili wawe usawa mmoja.

"Ulimsukuma?"

"Hapana."

"Ulishika ngazi?"

"Aliniita. 'Dada Ikram, nishikie ngazi, inacheza.' Mara mbili. Mimi niko pale chini nakunja karatasi, mteja anamwulizia yeye, na yeye ananiita mimi nimshikie ngazi. Nikasikia. Nikaendelea kukunja."

"Halafu?"

"Nikainua macho nikamwangalia. Nikasema moyoni, huyu hata juu ya ngazi anapendeza. Ndipo akaanguka." Alikitazama kiganja kwenye boriti. "Hakuanguka kwa ngazi. Nilimwangusha kwa jicho. Nilikuwa nimelinoa msimu mzima. Haji akimchekea, nalinoa. Wateja wakimwulizia, nalinoa. Nikaogopa litakwenda kwa mama yake, litarudi kwangu, sijui. Nikanunua njiwa."

"Jicho sijui namna ya kuliandika," alisema Bahgat. "Fomu yangu haina mahali pa jicho. Ina mahali pa ngazi."

"Nitafungwa?"

"Kwa kukunja karatasi? Hapana. Anayetakiwa kuweka ngazi nzuri na mtu wa kuishika ni mwenye duka. Ninachotaka kwako ni mahali tu. Alianguka wapi, na alikuwa anafanya nini."

"Haji atanifukuza."

"Anaweza kujaribu. Nitakuwepo."

"Hukuwepo kwa kidole hiki."

"Hakuna aliyesema," alisema Bahgat. "Kama angekuwepo mtu mmoja wa kusema, ningekuja."

"Walikuwepo wawili. Walikuwa wanafunga kamba."

Alisimama. Aliuinua mkono wake wa kulia akauweka juu ya kile kiganja, taratibu, kidole kwa kidole. Ulikaa sawasawa. Kile kidogo kilibaki kimejikunja, hakikugusa mbao.

"Mkono wake utapona?"

"Ukisema leo, daktari anasema utapona. Ukisema kesho, sijui."

Aliuondoa mkono akaufuta kwenye nguo, ingawa damu ilikuwa imekauka zamani.

Walishuka. Duka lilikuwa limefurika kuliko asubuhi, watu wa siku ya mwisho wananunua kilichobaki. Haji alisimama karibu na meza, ameshika mizani isiyo na kitu. Alimtazama Ikram jinsi ambavyo pengine hakuwahi kumtazama miaka yote ile, akaliita jina lake chini chini, kwa upole kabisa. Ikram alisita. Bahgat aliona ule upole ulivyomfikia. Aliona pia alivyojua umekuja kwa sababu gani.

Ikram alirudi nyuma ya meza akachukua arusi na karatasi.

Mama yule wa asubuhi alikuwa amerudi, mtoto sasa analia. "Bado hajaja yule binti?"

"Hajaja," alisema Ikram, kwa sauti ya kusikika mpaka hemani. "Yuko hospitali. Alianguka hapa, kutoka pale juu, akiwa kazini, siku mbili kabla ya Maulidi. Aliniita nimshikie ngazi, sikwenda."

Mizani mkononi mwa Haji iligonga meza. Wasichana wa hemani walichungulia mlangoni, na mmoja wao akasema, "Ni kweli," halafu mwingine.

Mama aliyeshika mtoto alimchukua arusi aliyekuwa mezani, akageuza mapepeo yake mbele na nyuma, kwa aibu tu, apate pa kuangalia. "Na haya umeyafunga wewe?"

"Mimi."

"Hayafanani na yake."

Ikram aliyatazama mapepeo yake. Yalikuwa safi, yamekazwa, hayana kosa, na hayakuwa na uhai wowote.

"Hayafanani," alisema. Kisha akamgeukia Bahgat, akafuta sukari mezani kwa kiwiko ili apate mahali pa kuweka fomu. "Andika."